Theodor Boveri

Theodor Heinrich Boveri (Bamberg, 12 Oktoba 1862 – Würzburg, 15 Oktoba 1915) alikuwa mwanabiolojia wa Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kuonyesha, kwa kutumia mayai ya shokishoki wa baharini, kwamba kila kromosomu ina kazi yake katika kuunda mwili.

Maisha

Boveri alisoma mjini Munich. Mwaka 1893 akawa profesa wa zoolojia katika Chuo Kikuu cha Würzburg, akabaki huko hadi kifo chake. Mwaka 1897 alimwoa Marcella O'Grady, mwanabiolojia kutoka Marekani, ambaye alishirikiana naye katika utafiti. Binti yao, Margret Boveri, alikuwa mwandishi wa habari. Kati ya wanafunzi wake alikuwemo Hans Spemann, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1935.

Mayai ya shokishoki

Boveri alifanya kazi mara nyingi katika kituo cha utafiti wa bahari cha Napoli, Italia. Shokishoki ni mnyama mdogo wa mviringo mwenye miiba. Mayai yake hutungishwa nje ya mwili, hivyo kila mgawanyiko wa seli unaonekana kwa hadubini.

Wakati huo haikujulikana kama kromosomu zote zinafanana au zinatofautiana. Boveri alichunguza mayai yaliyoingiwa na mbegu mbili za kiume badala ya moja. Yai la namna hiyo huwa na seti tatu za kromosomu, nalo hugawanyika mara moja kuwa seli tatu au nne, huku kromosomu zikigawanywa bila mpango. Karibu viinitete vyote vilikua na kasoro au vilikufa. Alipozitenganisha seli hizo, kila moja ilikua kwa namna tofauti.

Tatizo halikuwa idadi, kwa sababu viinitete vyenye seti moja tu viliweza kukua vizuri. Mwaka 1902 Boveri alihitimisha kwamba kinachohitajika ni seti kamili, kwa kuwa kromosomu moja haiwezi kufanya kazi ya nyingine. Pamoja na kazi ya Mmarekani Walter Sutton, matokeo hayo yakawa msingi wa nadharia ya kromosomu ya urithi.

Kiini na saitoplazimu

Katika minyoo ya matumbo ya farasi, Boveri aliona kwamba seli zitakazounda mwili hupoteza sehemu ya kromosomu zao, lakini zile zitakazozaa mayai na mbegu za kiume huzihifadhi zote. Majaribio yake yalionyesha kwamba saitoplazimu inayoizunguka kromosomu ndiyo inayoamua. Hivyo aligusa swali la udhibiti wa jeni: jinsi seli zenye urithi mmoja zinavyokuwa tishu mbalimbali.

Umuhimu wake

Mwaka 1914 alichapisha kitabu kilichoeleza kwamba saratani inaweza kuanzia katika seli moja yenye kasoro za kromosomu. Wazo hilo lilithibitishwa na utafiti wa baadaye.

Mwaka 1969 Roy Britten na Eric Davidson walitoa nadharia ya jinsi jeni zinavyowashwa na kuzimwa. Mwaka 2002 Davidson na wenzake walichapisha ramani ya jeni zinazoongozana katika kiinitete cha shokishoki hadi utumbo na mifupa yake kuundwa, wakitumia mnyama wa kundi lilelile alilolichunguza Boveri karne moja kabla.