Maisha ya Samuel Johnson, na Mama Yake Sarah

Mama mmoja alinisimamisha nje ya kanisa baada ya Misa, akanionyesha kijana wake wa miaka minane. Mtoto hupepesa macho mfululizo, hukunja shingo upande mmoja, na mara kwa mara hutoa sauti kooni kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Mama alikuwa amekwisha kumpiga. Alikuwa amekwisha kumpeleka kwa mganga, na kuku wawili wakaenda huko. Jumapili ile alikuwa amemwacha akae nje chini ya mkorosho ili watu wasigeuke kumtazama. Akaniuliza yeye alikosa nini. Sikuwa na jibu palepale, lakini nilipofika nyumbani nilimkumbuka mtu mmoja, Mwanglikana kama sisi, na habari zake ndizo ninazowasimulia mwezi huu.

Samuel Johnson alizaliwa tarehe 18 Septemba 1709 katika mji wa Lichfield, Uingereza. Baba yake, Michael, alikuwa muuza vitabu mwenye miaka 52, na mama yake, Sarah, alikuwa na miaka 40. Huyu alikuwa mzaliwa wao wa kwanza. Uzazi ulikuwa mgumu, mtoto hakulia, na kwa hofu kwamba hataishi wakamwita padre akambatiza humo humo chumbani. Kisha akapelekwa kwa mwanamke wa kumnyonyesha, kama ilivyokuwa desturi ya watu wa hali yao. Akapatwa na ugonjwa wa tezi za shingo, ule ambao leo twaujua kuwa ni aina ya kifua kikuu. Jicho moja likaharibika hata likawa karibu halioni, na sikio moja likawa zito.

Sarah alikwenda kumtazama kila siku. Lakini aliona haya, maana aliogopa watu watamcheka kwa kuhangaika mno. Basi akawa anabadili njia, leo apita huku, kesho apita kule. Mara nyingi alisahau kwa makusudi pepeo lake au glavu yake katika nyumba ile, apate kisingizio cha kurudi ghafla na kuona mtoto anatunzwa vipi. Nadhani akina mama wa Newala hawahitaji kuelezwa zaidi hapo.

Siku zile Waingereza wengi waliamini kwamba mfalme au malkia akimgusa mgonjwa wa tezi, atapona. Tusiwacheke upesi. Hata daktari mwenye elimu wa mji ule alishauri mtoto apelekwe. Basi mwezi Machi 1712 Sarah, naye ana mimba ya pili, akamchukua Samuel mpaka London, safari ya siku kadhaa katika gari la farasi. Akashona gini mbili ndani ya sketi yake ya ndani kwa kuogopa wezi. Huko akamnunulia mtoto kikombe kidogo cha fedha na kijiko. Malkia Anne akamgusa pamoja na wagonjwa wengine, akamvika shingoni kipande cha dhahabu. Wakati wa kurudi walipanda gari la mizigo. Sarah alisema ni kwa sababu ya kikohozi cha mtoto, lakini tumaini la kuokoa fedha kidogo nalo lilikuwa sababu kubwa. Na mtoto hakupona. Baadaye alipasuliwa, akabaki na makovu usoni na shingoni maisha yake yote.

Akili yake, hata hivyo, ilikuwa kali ajabu. Siku moja mama alimpa Kitabu cha Sala, akamwonyesha Kolekta ya siku ile aikariri, kisha akapanda ngazi kwenda juu. Kabla hajafika mbali akasikia mtoto anamfuata nyuma. Alikuwa amekwisha kuijua yote kwa kuisoma mara mbili tu. Baba naye alijivunia mno akili hiyo, akawa anamwita mbele ya wageni aonyeshe ujuzi wake. Samuel alichukia sana jambo hilo. Wageni wakija, alikimbia akapanda mtini. Kwa maoni yangu, kumwanika mtoto mbele za watu ni kosa lile lile la kumficha, ila limevaa nguo nzuri.

Ilikuwa katika miaka yake ya shule ndipo viungo vyake vilipoanza kwenda bila amri. Alitikisa kichwa, alikunja uso, aliyumbisha mwili mbele na nyuma, alitoa milio na miguno, akapuliza kama nyangumi. Alipokua alihesabu hatua zake kabla ya kuvuka kizingiti cha mlango, na yasemekana aligusa kila nguzo ya barabarani, akiruka moja akarudi kuigusa. Wenzake wa shule wangeweza kumfanya kichekesho. Badala yake, wavulana watatu walifika kwao kila asubuhi, mmoja akainama ampande mgongoni, wawili wakamshika pembeni, wakampeleka shuleni hivyo kwa heshima ya akili zake.

Wakubwa hawakuwa wema kama wale wavulana. Mwaka 1728 alikwenda Chuo cha Pembroke huko Oxford, akaondoka baada ya miezi kumi na mitatu kwa kukosa fedha. Mwaka 1735 aliomba ualimu mkuu katika shule ya Solihull. Wenye shule walikiri kwamba ana elimu nyingi, lakini walimkataa, na moja ya sababu zao ni kwamba aliupinda uso wake, nao walihofia wanafunzi wataathirika, ingawa walijua hawezi kujizuia. Akafungua shule yake mwenyewe, akapata wanafunzi wachache sana. Miaka kadhaa baadaye mchoraji Hogarth alimwona katika nyumba ya rafiki, amesimama dirishani anatikisika, akadhani ni punguani aliyeletwa atunzwe. Mara mtu huyo akakaribia akaanza kusema, na Hogarth akastaajabu.

Mwaka 1755 mtu huyo alitoa kamusi ya Kiingereza yenye maneno zaidi ya 42,000, kazi ya miaka kama tisa, akisaidiwa na makarani wachache tu.

Daktari Mfaransa, Georges Gilles de la Tourette, aliandika habari za ugonjwa huu mwaka 1885, miaka 101 baada ya Johnson kufa. Madaktari wa karne ya ishirini waliosoma maisha ya Johnson wengi wao waliona kwamba ndio uliomshika. Mitikisiko hiyo huitwa tiki. Mara nyingi huanza mtoto akiwa na miaka mitano hadi saba, huzidi karibu na miaka kumi au kumi na miwili, na kwa wengi hupungua wakiwa vijana wakubwa. Huja na kuondoka, hubadilika kutoka jicho kwenda bega. Asili yake ni katika ubongo, na mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Hailetwi na malezi mabaya wala mapepo. Mtoto aweza kuizuia kwa kitambo, kama mtu azuiavyo chafya, kisha itatoka tu. Ukimkaripia, ukimhesabia, au akichoka na kuhangaika, huzidi. Akizama katika kazi aipendayo, hupungua. Rafiki yake Johnson, mchoraji Reynolds, aliona hivyo hivyo: mazungumzo yalipokolea, mitikisiko ilikoma.

Lakini tusichanganye mambo. Mtoto akipoteza fahamu, akianguka, au kichwa kikiinama chenyewe mara kwa mara kama anayesinzia, hiyo yaweza kuwa kifafa. Kule Mahenge kifafa cha namna hiyo cha kuinamisha kichwa kilijulikana tangu miaka ya 1960. Huyo apelekwe hospitali bila kukawia, nacho kifafa kina dawa.

Johnson mwenyewe hakuyajua haya. Msichana mdogo alipomwuliza kwa nini anafanya vile, alimjibu kwa upole kwamba ni tabia mbaya, naye ajihadhari nazo. Maisha yote alijihesabia kosa ambalo halikuwa lake. Hilo ndilo linalonihuzunisha zaidi.

Mama yake alifariki Januari 1759, karibu na miaka 90. Ili kulipia maziko na madeni yake, Johnson aliandika kitabu kizima katika jioni za wiki moja, hadithi ya mwana wa mfalme wa Uhabeshi. Alifariki tarehe 13 Desemba 1784, na Kanisa la Uingereza humkumbuka siku hiyo. Mali yake nyingi alimwachia Francis Barber, mtu aliyezaliwa utumwani Jamaika. Kile kipande cha dhahabu alikivaa mpaka kufa, na leo kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Uingereza, London.

Nimemwomba mama yule amlete kijana wake ndani Jumapili ijayo, wakae benchi lolote wapendalo. Tafadhali tusigeuke.