Chandrasekhar: kijana aliyepiga hesabu ya kifo cha nyota akiwa melini

Wazee wetu walivuka Bahari ya Arabuni kwa majahazi, wakiongozwa na nyota. Mwaka 1930 alipita bahari hiyohiyo kijana wa Kihindi wa miaka 19, yeye nyota kazifuata kwa kalamu na karatasi. Jina lake Subrahmanyan Chandrasekhar, mzaliwa wa Lahore, 1910. Alitoka Bombay akienda kusoma Cambridge, Uingereza.

Humo melini akapiga hesabu. Wataalamu waliamini kila nyota ikimaliza moto wake hubaki kibete cheupe, inapoa taratibu, basi. Yeye akaona kuna mpaka: kibete kikizidi uzito wa jua letu mara 1.4 hivi, hakiwezi kujihimili, kinaporomoka.

Januari 1935 akayaeleza hayo London mbele ya wanafalaki. Mkubwa wao, Arthur Eddington, akainuka kumpinga kwa kejeli, na ukumbi ukacheka. Kinachonigusa mimi ni kwamba Chandra hakutukana wala hakuvunja urafiki na mzee yule. Alihamia Marekani mwaka 1937, akaandika kitabu chake, akashika mambo mengine ya elimu.

Hesabu ilikuwa sahihi. Nyota nyingi kubwa huishi mbili mbili, zikizungukana. Ile nzito ndiyo humaliza moto mapema. Kiini chake kikishapita mpaka ule huporomoka, nyota inalipuka, panabaki nyota ya nyutroni yenye upana wa kilomita 20 hivi. Ikiwa nzito zaidi, linakuwa shimo jeusi, hata mwanga hautoki. Shimo halionekani, ila likimvuta mwenzake gesi, gesi inapata joto kali na kutoa eksirei. Ndivyo lilivyojulikana lile la Cygnus X-1. Zikiporomoka zote mbili, huenda zikazungukana mpaka zikagongana. Tarehe 14 Septemba 2015 mtikisiko wa mgongano kama huo ulinaswa Marekani.

Chandra hakuwahi kuyaona hayo ya 2015. Nobel aliipata 1983, miaka zaidi ya hamsini tangu safari ile, akafariki Chicago 1995. Mwaka 1999 darubini ya kunasa eksirei ikarushwa angani, ikapewa jina lake.

Nawaambia vijana wetu mlio ugenini: ukichekwa na wakubwa, irudie hesabu yako. Ikiwa sawa, ishike.