Henri Langlois: Aliyeokoa filamu za kutisha kwa kuzitazama na rafiki zake

KIJANA wa leo anayekaa na wenzake usiku kutazama filamu ya kutisha, kisha wakabaki wakibishana kuhusu muuaji na mzimu hadi usingizi uwapae, huenda hana habari kwamba baadhi ya filamu za mwanzo za aina hiyo nusura zitoweke kabisa duniani.

Nyingine ziliyeyushwa na wafanyabiashara waliotaka fedha iliyomo ndani ya mkanda. Nyingine zilichomwa na watengenezaji wenyewe. Ipo hata moja ambayo mahakama iliamuru nakala zake zote ziteketezwe.

Kwamba nyingi zimetufikia, sehemu kubwa ya shukrani inaliendea kundi dogo la marafiki waliokutana mjini Paris, Ufaransa, katika miaka ya 1930, na hasa mmoja wao, Henri Langlois.

Langlois hakuwa mwigizaji, wala hakupata sifa kwa kuongoza filamu. Sifa yake ilitokana na jambo ambalo wengi waliliona la kitoto: kupenda kutazama filamu za zamani na kutaka rafiki zake nao wazitazame.

Alizaliwa Novemba 13, 1914 katika mji wa bandari wa Smyrna, ambao leo hujulikana kwa jina la Izmir, nchini Uturuki. Wazazi wake walikuwa miongoni mwa Wazungu waliofanya maskani katika mji huo uliokuwa na watu wa mataifa mengi.

Septemba 1922, mwishoni mwa vita kati ya Wagiriki na Waturuki, sehemu kubwa ya mji huo iliteketea kwa moto. Langlois alikuwa na umri wa miaka saba. Familia yake ilipoteza nyumba na mali, ikahamia Paris kuanza maisha upya.

Wengi walioandika habari za maisha yake wanaamini kuwa moto ule haukumtoka moyoni. Mtoto aliyeona kila kitu cha kwao kikigeuka majivu alikua akiwa mtu asiyeweza kukitupa kitu chochote.

Shuleni hakufanya vizuri. Alishindwa mtihani wa mwisho wa sekondari kwa sababu muda wake mwingi uliishia katika kumbi za sinema. Akaajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, na huko ndiko alikokutana na kijana mwenzake aliyekuwa na ugonjwa huo huo wa sinema, Georges Franju.

Wakati huo ulikuwa mbaya kwa filamu bubu. Filamu zenye sauti zilikuwa zimeanza kutamba tangu mwaka 1927, na kampuni ziliona hakuna faida tena ya kuhifadhi mikanda ya zamani. Mikanda hiyo iliyeyushwa ili kupata madini ya fedha na malighafi nyingine, kazi nzima ya msanii ikapotea katika pipa moja.

Mwaka 1935 Langlois na Franju waliamua kuanzisha chama cha kutazama filamu, wakakiita Cercle du Cinéma. Mtaji wao ulikuwa faranga 500 zilizokopwa kwa wazazi wa Langlois.

Onyesho lao la kwanza linaeleza vizuri vijana hao walikuwa watu wa namna gani. Hawakuanza na vichekesho wala hadithi za mapenzi. Walianza na filamu za kutisha, tena za kutoka nchi mbalimbali.

Kutoka Ujerumani walichukua filamu ya Daktari Caligari ya mwaka 1920, iliyoongozwa na Robert Wiene, ambamo mtu atembeaye usingizini hutumwa kuua. Nyumba na barabara za filamu hiyo zilichorwa zikiwa zimepinda, kana kwamba mji mzima umepatwa na wazimu.

Ya pili ilikuwa ya Kifaransa, iliyotengenezwa na Jean Epstein mwaka 1928 kutokana na hadithi ya Mmarekani Edgar Allan Poe kuhusu nyumba ya Usher. Ya tatu, The Last Warning, ilitoka Hollywood, lakini mwongozaji wake, Paul Leni, alikuwa Mjerumani aliyehamia huko. Leni alifariki mwaka 1929, na hiyo ikawa filamu yake ya mwisho.

Chama hicho hakikuwa darasa. Hapakuwa na mhadhara wa kuwachosha watu. Filamu ilipomalizika, wanachama walizungumza wao kwa wao, wakibishana kirafiki kuhusu walichokiona.

Mtu aliyetishwa na filamu akiwa peke yake huondoka na hofu yake. Akiwa na wenzake hulazimika kuieleza, na katika kuieleza hugundua jinsi filamu ilivyotengenezwa: kivuli kiliwekwa wapi, kamera ilisimama wapi, kwa nini mlango tu ulitosha kumtoa mtu jasho. Langlois alitaka watu wajifunze sinema kwa njia hiyo.

Lakini ili kuonyesha filamu, sharti uwe nayo. Langlois akaanza kununua na kuomba mikanda kila alipoisikia. Inasimuliwa kwamba nyumba ya wazazi wake ilijaa hadi beseni la kuogea likageuzwa ghala.

Mwaka 1936, wakisaidiwa na Jean Mitry na mchapishaji wa magazeti ya sinema, Paul-Auguste Harlé, vijana hao walianzisha Cinémathèque Française, taasisi ya kuhifadhi na kuonyesha filamu. Langlois alikuwa hajatimiza miaka 22.

Walikodi jengo lililoachwa katika eneo la makao ya wazee wa fani ya sinema huko Orly, nje kidogo ya Paris. Ufunguo wa jengo hilo walimkabidhi mzee mmoja aliyeishi hapo, Georges Méliès.

Uteuzi huo ulikuwa na maana kubwa. Méliès ndiye aliyetengeneza, mwaka 1896, filamu fupi kuhusu jumba la shetani ambayo wengi huihesabu kuwa filamu ya kwanza ya kutisha duniani. Baada ya kufilisika, alizichoma filamu zake kwa mikono yake mwenyewe mwaka 1923. Sasa mzee huyo, aliyefariki Januari 1938, alimalizia siku zake akizilinda filamu za wengine.

Rafiki mwingine aliyeingia katika kundi hilo alikuwa Lotte Eisner, mwandishi wa habari za filamu Myahudi aliyeikimbia Berlin mwaka 1933, mara Wanazi walipotwaa madaraka. Eisner alizijua filamu za Kijerumani kwa undani ambao Wafaransa hawakuwa nao.

Vita Kuu ya Pili ilipoifikia Ufaransa mwaka 1940, urafiki huo ulipata mtihani mzito. Eisner alifungwa katika kambi ya Gurs, akatoroka, akaishi kwa jina la bandia katika eneo la Figeac, kusini magharibi mwa nchi.

Langlois alimpa kazi huko huko mafichoni. Eisner aliorodhesha mikanda iliyofichwa ndani ya kasri moja la kale, akifanya kazi kwenye baridi, huku mkanda wa enzi hizo ukiwa ni kitu kinachoshika moto upesi mno. Mama yake hakunusurika. Aliuawa na Wanazi.

Mjini Paris, Langlois alizidi kuficha mikanda kwa marafiki na kuihamisha ili isichukuliwe na Wajerumani. Filamu za Wamarekani, Warusi na Wayahudi zilikuwa hatarini zaidi, na kukutwa nazo lilikuwa jambo la kuhatarisha maisha.

Baada ya vita, Eisner akawa mtunzaji mkuu wa hazina hiyo. Mwaka 1952 alitoa kitabu kuhusu giza na vivuli katika filamu za Kijerumani, L'Écran démoniaque, ambacho hadi leo ni nguzo kwa wanaosoma filamu za kutisha.

Mwaka 1948 Langlois alifungua ukumbi mdogo katika mtaa wa Avenue de Messine. Kila usiku zilionyeshwa filamu kadhaa, mara nyingi za lugha za kigeni bila tafsiri yoyote. Alipenda kuziweka jirani filamu zisizofanana, ya Kijapani karibu na ya Kiswidi, ya vichekesho karibu na ya mizimu, kisha akawaacha watazamaji wagundue wenyewe undugu wake.

Miongoni mwa vijana waliobanana humo walikuwamo François Truffaut, Jean-Luc Godard, Jacques Rivette na Éric Rohmer. Mabishano yao yaliendelea hadi barabarani, na miaka kumi baadaye wakawa waongozaji walioibadili sinema ya dunia.

Franju naye alishika kamera. Mwaka 1960 ilitoka filamu yake Les Yeux sans visage, kuhusu daktari bingwa wa upasuaji anayeteka wasichana na kuwachuna ngozi ya uso ili ampatie binti yake aliyeharibika sura. Yule kijana aliyefungua chama kwa filamu za kutisha akawa ametengeneza moja inayohesabiwa miongoni mwa bora zaidi za fani hiyo.

Hata hivyo, Langlois hakuwa malaika. Kumbukumbu za hazina yake zilikuwa zaidi kichwani mwake kuliko katika daftari. Hakupenda kukaguliwa, na aligombana na wahifadhi wenzake wa nchi nyingine walioamini kwamba mkanda adimu haufai kupitishwa katika mashine ya kuonyeshea kabla ya kutengenezewa nakala.

Yeye aliamini kinyume chake, kwamba filamu isiyotazamwa imekwisha kufa. Hoja zote mbili zilikuwa na ukweli. Julai 1959 moto ulizuka na kuteketeza sehemu ya mikanda yake, na wapinzani wake wakapata la kusema.

Februari 9, 1968, serikali ya Ufaransa, ambayo waziri wake wa utamaduni alikuwa mwandishi André Malraux, ilimwondoa katika uongozi wa taasisi aliyoianzisha. Sababu iliyotolewa ilikuwa usimamizi mbovu.

Serikali haikujua ilichokigusa. Siku chache baadaye umati uliandamana, wakiwamo Truffaut na Godard, nao polisi wakawakabili kwa virungu. Waongozaji wakubwa kutoka pande zote za dunia, miongoni mwao Charlie Chaplin na Fritz Lang, walimuunga mkono, na wengi walikataza filamu zao zisionyeshwe bila Langlois kuwapo.

Aprili 22 mwaka huo serikali ilisalimu amri, Langlois akarudishwa kazini. Kilichomwokoa hakikuwa sheria wala fedha, bali marafiki aliowapata gizani, mbele ya pazia jeupe.

Mwaka 1972 alifungua jumba la makumbusho ya sinema katika kasri la Chaillot, na mwaka 1974 Marekani ikamtunuku Oscar ya heshima. Alifariki Januari 13, 1977 akiwa na umri wa miaka 62, akazikwa katika makaburi ya Montparnasse. Hakuacha mali yake binafsi ya kutajwa.

Alichokiacha kilionekana zaidi baada ya kifo chake. Mfano mzuri ni Nosferatu, filamu ya mnyonya damu iliyoongozwa na Mjerumani F. W. Murnau mwaka 1922. Watengenezaji wake walichukua hadithi ya Dracula bila idhini, na mjane wa mwandishi Bram Stoker akawashitaki. Mahakama ya Ujerumani iliamuru nakala ziteketezwe.

Lakini baadhi ya nakala zilikuwa zimekwisha kuvuka mipaka. Filamu hiyo ilipofanyiwa ukarabati mkubwa na kukamilika mwaka 2006, wataalamu walitegemea nakala ya kale yenye maandishi ya Kifaransa na rangi zake za awali, iliyokuwamo katika hazina ya Cinémathèque Française.

Tangu mwaka 2005 taasisi hiyo imo katika jengo la mtaa wa Bercy, mashariki mwa Paris, na ukumbi wake mkubwa unaitwa kwa jina la Henri Langlois. Humo filamu za kutisha za zamani bado huonyeshwa, na watu hutoka wakibishana.

Maisha yake yanatufundisha kwamba urithi haulindwi na makabati pekee. Hulindwa kwanza na watu wanaoupenda kiasi cha kutaka kuuona pamoja. Zile jioni za mwaka 1935, ambazo wapita njia wangeziita mchezo wa vijana wasio na kazi, ziliiachia dunia sehemu ya kumbukumbu yake.