Ferdinand Porsche: Mhandisi aliyehangaishwa na betri iliyokwisha chaji

JINA la Ferdinand Porsche huhusishwa na magari ya mbio. Wachache hukumbuka kwamba mhandisi huyo alianza kwa magari ya umeme, na kwamba swali lililomsumbua ujanani ndilo linalowakabili wenye magari ya mseto leo: betri ikiisha, gari litakwenda kwa gharama gani?

Porsche alizaliwa Septemba 3, 1875 huko Maffersdorf, eneo la Bohemia ambalo sasa limo katika Jamhuri ya Czech. Babake, fundi wa mabati, alitaka mwanawe arithi kazi hiyo. Kijana alivutiwa zaidi na umeme, na mnamo 1893 akaelekea Vienna kufanya kazi katika kampuni ya vifaa vya umeme.

Mnamo 1900, akiwa na kampuni ya Jakob Lohner, gari lake lilionyeshwa katika Maonyesho ya Dunia jijini Paris. Mota zake zilifungwa ndani ya magurudumu ya mbele. Kasoro ilikuwa betri za risasi zenye uzani wa kilo 410, zilizoweza kulifikisha kilomita 50 hivi tu. Kuongeza betri hakukufaa. Mteja mmoja Mwingereza alipoagiza gari lenye mota katika magurudumu yote manne, betri pekee zilifikia kilo 1,800. Nguvu nyingi ziliishia kubeba betri zenyewe.

Porsche alipunguza betri na kuongeza injini ya petroli. Injini hiyo haikusukuma magurudumu moja kwa moja, bali ilizungusha jenereta; umeme ukaenda kwenye mota, na ziada ikahifadhiwa katika betri. Ndivyo lilivyozaliwa gari la Mixte mnamo 1901.

Dereva hakuhofia tena kukwama njiani, lakini kutangulia si kufika. Gari lilibeba injini, jenereta, betri na mota kwa pamoja, na sehemu ya nguvu za petroli ilipotea kila zilipogeuzwa kuwa umeme. Lilikuwa zito na ghali, na wanunuzi wakawa haba.

Mnamo 1906, Porsche alihamia Austro-Daimler. Baadaye alisanifu gari la Volkswagen chini ya utawala wa Hitler, akajiunga na chama cha Nazi mnamo 1937, na wakati wa vita kiwanda cha gari hilo kilitumia wafanyakazi walioshurutishwa. Wafaransa walimtia mbaroni Desemba 1945 na kumwachilia 1947. Aliaga dunia jijini Stuttgart Januari 30, 1951, akiwa na umri wa miaka 75.

Betri za sasa ni nyepesi kuliko za risasi, na gari la mseto hurejesha sehemu ya nguvu dereva anapopunguza mwendo. Hata hivyo, mwenye gari asiyelichaji huchoma petroli kusafirisha betri isiyo na chaji, na matumizi yake hupita yaliyotangazwa na mtengenezaji. Mzigo huo Porsche aliupunguza, ila hakuumaliza.