KISELEMA KILICHOLIMA: MAISHA YA JENERALI ULYSSES GRANT

Wahenga walisema usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima. Methali hii sisi wanafunzi huiandika sana katika insha zetu, pengine bila hata kufikiria maana yake. Lakini mpenzi msomaji, kuna mtu mmoja ambaye maisha yake yaliilingana methali hiyo kama pete na kidole. Huyu si mwingine ila Ulysses Grant. Alipokuwa na umri wa miaka 35 alikuwa akiuza kuni barabarani. Kabla hajatimiza miaka 43 alikuwa ameyaongoza majeshi yaliyomaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Tulia basi nikusimulie.

Grant alizaliwa tarehe 27 Aprili 1822 katika jimbo la Ohio. Baba yake alikuwa na kiwanda kidogo cha kutengeneza ngozi. Kijana huyu aliichukia kazi ile ajabu, maana hakupenda kuona damu wala kunusa ngozi mbichi. Alichopenda ni farasi. Farasi mkali aliyewashinda wengine, yeye angempanda akatulia kama kondoo. Mnamo 1839 baba yake alimtafutia nafasi katika chuo cha kijeshi cha West Point. Jina lake halisi lilikuwa Hiram Ulysses, lakini mbunge aliyempendekeza alikosea akaandika Ulysses S. Grant. Jina hilo likamganda mpaka kaburini, na ile herufi S haikuwa na maana yoyote! Chuoni hakuwa bingwa. Alipohitimu mwaka 1843 alikuwa wa 21 katika darasa la wanafunzi 39. Hakuwa mtu wa miraba minne wala msemaji. Ukimwona ungedhani ni karani tu.

Alipigana katika vita vya Marekani na Meksiko vya 1846 hadi 1848, akasifiwa kwa ushujaa. Mwaka 1848 alimwoa Julia Dent, binti wa mkulima tajiri wa Missouri aliyekuwa na watumwa. Baadaye jeshi lilimpeleka mbali sana, pwani ya magharibi, bila mke wala watoto. Upweke ukamtafuna. Uvumi ukaenea kuwa anakunywa pombe kupita kiasi, na mwaka 1854 akajiuzulu. Akiwa njiani kurudi nyumbani alikwama New York bila senti mfukoni. Aliyemsaidia kulipa gharama za hoteli ni Simon Buckner, rafiki yake wa tangu West Point. Naam, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tafadhali likumbuke jina hilo, tutakutana nalo tena.

Hapo ndipo mambo yalipomwendea segemnege. Alijaribu ukulima karibu na mji wa St. Louis, akajijengea nyumba ya magogo kwa mikono yake mwenyewe, lakini mazao hayakumpa kitu. Akawa anakata kuni na kuzipeleka mjini kwa gari la farasi, amevaa koti lake kuukuu la jeshi. Tunaposema mtu alikiona cha mtema kuni, basi huyu alikiona kwelikweli! Desemba 1857 aliiweka rehani saa yake ya dhahabu kwa dola 22. Hata hivyo, mwaka 1859 alifanya jambo moja ambalo mimi naliona kubwa. Alikuwa na mtumwa mmoja, William Jones, ambaye angeweza kumuuza na kupata pesa za kumtoa katika dhiki. Hakumuuza. Alikwenda mahakamani akaandikisha kuwa amempa uhuru. Mwaka uliofuata alihamia Galena, Illinois, akawa mfanyakazi katika duka la ngozi la baba yake, chini ya wadogo zake. Zilezile ngozi alizozikimbia utotoni!

Sasa, wakati huo nchi yenyewe ilikuwa inapasuka. Katika majimbo ya Kusini kulikuwa na watumwa karibu milioni 4, watu weusi waliolimishwa pamba chini ya kiboko. Abraham Lincoln alipochaguliwa rais Novemba 1860, wenye watumwa waliona kuwa biashara yao imeingia hatarini. Majimbo 11 yakajitenga na kuunda nchi yao. Tarehe 12 Aprili 1861 mizinga ya Kusini ilipiga ngome ya Sumter, na vita vikaanza. Kaskazini ilikuwa na watu wengi zaidi, viwanda vingi na reli ndefu, lakini majenerali wake wengi walikuwa waoga wa kusonga mbele. Wakishindwa, wanarudi nyuma. Wakishinda, wanapumzika. Jeshi likahitaji watu waliosomea vita, na hivyo muuza ngozi wa Galena akapewa cheo cha Kanali.

Ushindi wake wa kwanza mkubwa ulikuwa ngome ya Donelson, Tennessee, Februari 1862. Aliizingira kwa majeshi na manowari za mtoni. Wakuu wawili wa ngome walitoroka usiku na kumwachia wa tatu aibu ya kusalimu amri. Na huyo wa tatu alikuwa nani? Simon Buckner! Alituma mjumbe kuuliza masharti, akidhani rafiki wa zamani atamhurumia. Grant alijibu kuwa hakuna sharti lolote ila kusalimu amri kabisa. Zaidi ya wanajeshi 12,000 walitekwa. Lakini Buckner mwenyewe alisimulia baadaye kuwa mambo yalipokwisha, Grant alimvuta kando na kumpa mfuko wake wa pesa autumie katika kifungo. Yaani kazini alikuwa chuma, ila deni la wema hakulisahau.

Wapiganapo fahali wawili, nyasi ndizo ziumiazo. Tarehe 6 Aprili 1862, Jumapili asubuhi, jeshi la Kusini lilimvamia Grant ghafla karibu na kanisa la Shiloh. Askari wake walisukumwa mpaka ukingoni mwa mto. Usiku mvua ikanyesha juu ya majeruhi. Jenerali mwingine yeyote angevuka mto akimbie, lakini yeye alingoja kupambazuke, akapata askari wa kumsaidia, akashambulia na kushinda. Hasara ilikuwa ya kutisha: zaidi ya watu 23,000 wa pande zote mbili waliuawa, walijeruhiwa au walipotea kwa siku mbili tu. Magazeti yakamlaumu, wakubwa wakataka afukuzwe. Lincoln akakataa, kwani alimhitaji mtu anayepigana.

Hakuna masika yasiyokuwa na mbu, na Grant naye alikuwa na doa lake. Desemba 1862 alitoa amri ya kuwafukuza Wayahudi wote katika eneo alilolisimamia, eti kwa sababu ya biashara ya magendo ya pamba. Ilikuwa dhuluma tupu, na Lincoln aliifuta mara moja.

Mwaka 1863 ndio uliogeuza vita. Tarehe 1 Januari Lincoln alitangaza kuwa watumwa wa majimbo yaliyoasi wako huru. Tangu hapo haikuwa tu vita vya kuunganisha nchi, bali pia vita vya kuvunja minyororo. Wanaume weusi karibu 180,000 walijiunga na jeshi la Muungano kabla ya vita kwisha, na Grant aliunga mkono jambo hilo.

Yeye wakati huo alikuwa akiutazama mji wa Vicksburg, uliokaa juu ya mwamba kando ya mto Mississippi. Aliyeushika mji huo ndiye aliyeushika mto. Alijaribu kuchimba mfereji, akashindwa. Akajaribu kupita katika vinamasi, akashindwa. Usiku wa tarehe 16 Aprili alizipitisha meli zake chini ya mizinga ya adui, huku moto ukiumulika mto mzima kama mchana. Kisha akavusha askari kusini ya mji, akapigana vita vitano kwa muda usiozidi wiki tatu, na kuuzingira kwa siku 47. Wenyeji walijichimbia mapango wakakaa humo, na njaa ikawafanya wale nyama ya nyumbu. Tarehe 4 Julai, siku ya uhuru wa Marekani, mji ulisalimu amri pamoja na askari karibu 30,000. Jana yake tu, huko Gettysburg, Pennsylvania, jeshi la Jenerali Robert Lee lilikuwa limeshindwa baada ya siku tatu za mapigano. Kwa hiyo Kusini ilipigwa mapigo mawili katika siku mbili, na nchi yao ikakatwa vipande viwili.

Machi 1864, baada ya ushindi mwingine huko Chattanooga, Lincoln alimfanya Grant Luteni Jenerali na mkuu wa majeshi yote. Alikwenda Virginia kukabiliana na Lee, simba wa Kusini. Mwezi wa Mei walikutana katika msitu uitwao Wilderness. Vichaka vilishika moto na majeruhi wengine wakaungua wakiwa hai. Zaidi ya askari 17,000 wa Muungano waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Mara zote zilizotangulia, jeshi hilo likipigwa na Lee lilikuwa linarudi kaskazini kujiuguza. Usiku wa tarehe 7 askari walifika penye njia panda, wakijua kuwa watageuzwa tena. Lo! Grant akaelekea kusini. Askari waliochoka na kunuka moshi walipiga vifijo gizani. Mimi naona kuwa vita viligeukia hapo, ingawa hapakuwa na ushindi wowote siku hiyo.

Bei ilikuwa kubwa. Tarehe 3 Juni, huko Cold Harbor, aliamuru shambulio dhidi ya mahandaki ya adui na maelfu ya watu wake wakaanguka asubuhi moja. Majeruhi walilala kati ya majeshi mawili kwa siku nne bila maji, huku yeye na Lee wakiandikiana barua kuhusu nani aombe kusimamisha mapigano. Wengi walikufa pale. Watu wakamwita mchinjaji, na yeye mwenyewe alilijutia shambulio hilo mpaka uzeeni. Siwezi kumtetea hapo. Kisha akauzingira mji wa Petersburg kwa zaidi ya miezi tisa. Bandu bandu huisha gogo. Wakati huohuo rafiki yake Jenerali Sherman aliuteka mji wa Atlanta mwezi wa Septemba, jambo lililomsaidia Lincoln kuchaguliwa tena Novemba. Mapema Aprili 1865 Richmond, makao makuu ya Kusini, ukaanguka.

Tarehe 9 Aprili 1865 Lee alisalimu amri katika kijiji cha Appomattox. Lee alikuja amevaa sare mpya na upanga unaometameta. Grant alikuja na matope mpaka kwenye mabuti, amevaa koti la askari wa kawaida. Sasa mshindi ana adui mkononi, atamfanya nini? Je, atamnyonga? Atamfunga minyororo? Grant aliandika kuwa askari wote wa Lee waende nyumbani, na hawatasumbuliwa wakitii sheria. Wenye farasi waende nao wakalime, kwa maana ulikuwa msimu wa kupanda. Bila shaka yule aliyewahi kulima akakosa mavuno alielewa maana ya farasi kwa mkulima. Akaagiza askari wa Lee wapewe chakula cha watu 25,000, maana walikuwa na njaa. Askari wake walipoanza kupiga mizinga ya furaha aliwakataza. Baadaye mwaka huo serikali ilipotaka kumshtaki Lee kwa uhaini, Grant alisema atajiuzulu kuliko kuvunja ahadi yake. Mashtaka yakafa.

Vita vile viliua zaidi ya watu 600,000. Lincoln alipigwa risasi siku tano tu baada ya Appomattox. Desemba 1865 utumwa ulipigwa marufuku katika katiba. Grant alikuwa rais tangu 1869 hadi 1877. Aliwatuma wanajeshi kupambana na Ku Klux Klan, kundi lililowaua watu weusi ili wasipige kura. Hata hivyo serikali yake iliharibiwa na ufisadi wa watu aliowaamini mno, na baada ya yeye kuondoka haki za watu weusi wa Kusini zilikanyagwa kwa miaka mingi. Kuwasamehe walioshindwa ni vyema, lakini waliokuwa watumwa walihitaji pia kulindwa.

Mwaka 1884 tapeli mmoja aliyekuwa mshirika wake wa biashara alimfilisi kabisa. Mwaka huohuo akaambiwa ana saratani ya koo. Hakutaka kumwachia Julia umaskini, basi akaketi kuandika kitabu cha maisha yake. Kumeza hata maji kulikuwa mateso. Alimaliza siku chache tu kabla ya kufa, tarehe 23 Julai 1885. Kitabu hicho kilimpatia mjane wake karibu dola 450,000, na kinasomwa hadi leo. Mazishini New York, miongoni mwa walioteuliwa kulisindikiza jeneza walikuwa majenerali wa Kaskazini na wa Kusini pia. Mmoja wa wale wa Kusini alikuwa Simon Buckner.

Mpenzi msomaji, ukiwa wa 21 darasani, au ukitumwa nyumbani kwa sababu ya karo, usikubali mtu akuambie kuwa umekwisha. Grant alikwishaitwa bure mara nyingi. Na siku ikifika ukashinda, mpe uliyemshinda farasi wake akalime.