John Akii-Bua, Mruka Viunzi wa Uganda

Upande wa kaskazini wa nchi ya Uganda wanakaa watu wa kabila la Lango. Huko, mahali paitwapo Abako, alizaliwa John Akii-Bua, tarehe 3 Desemba 1949. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wengi, na watoto wake wote walipata 43. John alichunga ng'ombe, kama walivyofanya wavulana wengi wa Rungwe. Alipokuwa kijana aliingia katika kazi ya polisi, na huko ikaonekana kwamba miguu yake ni myepesi.

Mchezo wake ulikuwa mbio za kuruka viunzi. Mkimbiaji huzunguka uwanja mara moja, yaani mita 400, na njiani hukuta viunzi 10, kila kimoja kina urefu wa sentimita 91. Hana budi kuviruka vyote pasipo kupunguza mwendo. Akikosea hesabu ya hatua zake, hufika penye kiunzi kwa mguu usiofaa, na wenzake humpita.

Mwaka 1970 Akii-Bua alishindana huko Edinburgh, akawa wa nne, asipate nishani. Hakukata tamaa. Mwalimu wake, Mwingereza aitwaye Malcolm Arnold, alimzidishia kazi. Alikimbia mbali akiruka viunzi, hali amevaa kizibao kizito, hata alipokivua alijiona mwepesi. Tena alijifunza kuruka kwa mguu wowote, wa kulia au wa kushoto.

Hata ikafika tarehe 2 Septemba 1972, siku ya fainali ya Olimpiki mjini Munich, Ujerumani. Miongoni mwa washindani alikuwapo David Hemery wa Uingereza, aliyeshinda mwaka 1968 kwa sekunde 48.12. Akii-Bua alipewa njia ya kwanza, iliyo ya ndani kabisa. Wakimbiaji hawaipendi njia hiyo, maana kona yake ni kali. Aendaye mbio husukumwa nje, kama mtu ateremkaye kwa kasi katika kijia cha mlimani chenye kupinda.

Hemery alitangulia kwa nguvu. Akii-Bua alimfuata bila haraka ya bure, akamkaribia katika kona ya mwisho, akampita. Alimaliza kwa sekunde 47.82. Kabla yake hapakuwa na mtu duniani aliyemaliza mbio hizo chini ya sekunde 48, wala Uganda haikuwa imepata nishani ya dhahabu ya Olimpiki.

Lakini sifa haikumwondolea taabu. Wakati huo Uganda ilitawaliwa na Idi Amin, na watu wengi wa Lango waliuawa. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, na Uganda mojawapo, zilikataa kushiriki Olimpiki ya Montreal kwa ajili ya ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Huko Mmarekani Edwin Moses akaivunja rekodi ya Akii-Bua, naye hakuwapo kuitetea. Mwaka 1979 vita vilipoingia nchini alikimbilia Kenya: mkimbiaji akawa mkimbizi. Mwaka 1980 alishindana huko Moscow, lakini nguvu za zamani zilikuwa zimepungua, asifike fainali.

Baadaye alirudi kwao, akafundisha vijana michezo. Alifariki mwaka 1997, mwenye miaka 47, akazikwa kwa heshima ya taifa. Miaka 40 ilipita tangu Munich ndipo Mganda mwingine, Stephen Kiprotich, alipopata dhahabu ya Olimpiki, mwaka 2012.

Enyi wanafunzi, Akii-Bua hakuichagua njia ya kwanza, wala hakuchagua utawala wa siku zake. Kilichokuwa chake ni kazi aliyoifanya kabla ya siku ile, na hiyo hapana aliyeweza kumnyang'anya.