Colin Cherry na Sauti Katika Kelele

Walimu wa Diani na Msambweni wanajua kwamba mvua ya masika inapoyapiga mabati, somo huzama. Tatizo hili la kusikia maneno katikati ya kelele lilipata mchunguzi hodari katika Mwingereza Colin Cherry, ambaye sisi wanaisimu, nionavyo, hatumtaji vya kutosha.

Alizaliwa mwaka wa 1914, akawa mhandisi wa umeme. Mwaka wa 1953 alichapisha majaribio aliyoyafanya Marekani. Hotuba mbili za msemaji mmoja zilipochanganywa pamoja, wasikilizaji walitaabika mno kuzitenganisha. Kila sikio lilipopewa yake, kazi ikawa nyepesi. Tena, waliofuata hotuba ya sikio moja hawakutambua hata kwamba ile ya pili imegeuka Kijerumani! Alikuwa profesa mjini London tangu 1958 hadi kufariki kwake 1979.

Basi mwanafunzi asikiaye kwa sikio moja tu hukosa msaada huo wa mawili. Penye utulivu hujibu barabara. Kelele zikizuka, hupotea. Huyo ndiye ninayehofia kwamba twamwadhibu kwa utukutu. Apelekwe hospitali apimwe, na darasani aketi mbele, sikio zima likimwelekea mwalimu.